Kebo ya Kulia Ilikufa, Kompyuta Ikasema ni Nzima

Saa moja kasoro robo asubuhi ukungu bado umelala juu ya vichaka vya Rwamgasa, na kibanda cha mabati kilichopo mdomoni mwa mgodi kinaonekana kana kwamba kinaelea. Ndani yake Apolonia Mihayo ameketi mbele ya kompyuta, mikono imetulia magotini, akitazama nukta mbili za kijani kwenye kioo.

Nukta moja ni ya kebo ya kushoto, nyingine ya kebo ya kulia. Kila kebo inashuka kwa ukuta wake hadi mita 62 chini ya ardhi, kwenye kipimo cha maji kilichofungwa mwisho wa mteremko. Chini ya nukta hizo kuna namba moja: 1.6. Hicho ndicho kina cha maji, kwa mita, katika shimo la pampu. Kikifika 2.5 king'ora hulia na watu hutoka.

Namba inageuka kuwa 1.7, kisha inarudi 1.6.

"Inapumua," anasema Apolonia. "Pampu ikivuta inashuka, ikipumzika inapanda. Ukiitazama sana unaanza kupumua nayo."

Leo ni Ijumaa, Machi 12, 1999. Ni siku ya thelathini tangu apewe barua inayomtaka athibitishe kwamba vipimo alivyoandika Februari 9 havikuwa vya kubuni. Asipothibitisha, kazi imekwisha. Ana miaka 36, mtoto mmoja, na mshahara wa shilingi 118,000 kwa mwezi katika mradi wa utafiti wa dhahabu ambao uongozi wake haukupenda utajwe jina.

Usiku aliota yuko Mwadui, kwenye kazi yake ya zamani ya simu. Kwenye ndoto laini zote za simu zilikuwa zinaongea kwa wakati mmoja, taratibu, na kila sauti ilimwita kwa jina lake.

Mlangoni anatokea mtu mrefu mwenye kofia ya chuma iliyobonyea upande. Ni Ndaki, mnyapara wa zamu ya chini, mwenye miaka 51.

"Mwangaluka, Mama Scola."

"Mwangaluka. Shikamoo, Mzee Ndaki."

"Marahaba. Mganga wako kaamkaje?"

Mganga ni kompyuta. Ndaki aliipa jina hilo mwezi uliopita, kwa sababu, anasema, inaeleza habari za mahali ambapo haijawahi kufika, na ikikosea anayeulizwa ni mtu mwingine.

"Kaamka salama," anajibu Apolonia.

"Leo tutamjua. Wagonjwa wake ni arobaini na sita, wapo nje wanasubiri."

Mpango wa asubuhi hii ni mfupi. Saa mbili kamili Ndaki atashuka na mwenzake mmoja, achomoe kebo ya kulia huku kompyuta ikiwa inafanya kazi. Bwana Cornel, msimamizi wa ufundi, atakuwa kibandani na saa yake ya mkononi. Nukta ya kulia ikigeuka nyekundu na namba ikaendelea kupumua kwa kebo ya kushoto, barua itafutwa na zamu itarudi chini. Kwa siku thelathini na moja sasa watu wa Ndaki wamekataa kupita mita 30.

Siku iliyowafikisha hapa ilikuwa Jumanne, Februari 9. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo kwa siku nne. Saa nne na dakika tano asubuhi toroli lililojaa mawe liliteleza kwenye reli, likagonga ukuta wa kulia, likakata kebo bila mtu kutambua. Muda mfupi baadaye pampu ilizimika.

Kibandani, Apolonia aliandika kwenye daftari la zamu kila baada ya dakika kumi, kama kazi inavyotaka. Saa 4:10, mita 1.8. Saa 4:20, mita 1.8. Saa 4:30, mita 1.8. Saa 4:40, mita 1.8. Nukta zote mbili zilikuwa kijani. Karibu na nukta hizo kioo kilionyesha pia kasi ya kila kebo, na zote zilisomeka mia, yaani kasi ya juu kabisa.

Huko chini maji yalikuwa yamefika magotini. Ndaki ndiye aliyewatoa watu, kwa kuyaona kwa macho yake. Hakufa mtu. Wa mwisho alitoka saa tano kasoro tano, suruali imelowa mpaka kiunoni, mkononi ameshika kiatu kimoja.

"Niliingia hapa sijavua hata kofia," anakumbuka Ndaki. "Nikamuuliza, mama, maji yako wapi? Akanionyesha kioo. Moja nukta nane. Nikakamua shati langu hapo sakafuni, nikamwambia, hii ndiyo moja nukta nane yako."

 

Uchunguzi ulichukua saa tatu, na ulifanywa kwa uangalifu. Hapo ndipo lilipokuwa tatizo.

Umeme wa mgodi unatoka kwenye jenereta, na jenereta hiyo ina tabia ya kurusha umeme. Kwa hiyo ipo amri moja ambayo kila anayegusa vifaa huikariri wiki ya kwanza: zima kwanza, gusa baadaye. Imebandikwa kwenye kila mlango. Mwaka 1997 kompyuta mbili ziliungua kwa kutofuata amri hiyo, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuivunja.

Wachunguzi waliifuata. Walizima kompyuta, wakaikagua kebo iliyokatika, wakawasha. Kompyuta ikasema ukweli wote: kulia imekufa, kushoto nzima. Ikahamia yenyewe kwenye kebo ya kushoto na namba ikaanza kupumua. Wakazima tena, wakachomoa ya kushoto, wakawasha. Ukweli mtupu tena. Wakarudia mara sita.

Ripoti ikaandikwa kwamba mashine haina kasoro. Ikiwa mashine ni nzima, na daftari lina namba moja iliyorudiwa mara nne wakati maji yanapanda, basi mwandishi wa daftari hakuwa anatazama kioo. Alikaa akajaza.

"Hoja ilikuwa imenyooka," anasema Bwana Cornel, mtu mkimya anayependa kalamu ya risasi kuliko ya wino. "Hata leo ukinipa ushahidi ule ule, nitaandika vile vile."

Apolonia hamlaumu. Kinachomsumbua ni kingine. Namba iliposimama, aliiona.

"Niliona haipumui," anasema. "Nikajiambia, leo maji yametulia. Nilifurahi. Ningeweza kuzungusha simu nikawauliza. Sikuzungusha, kwa sababu taa zilikuwa kijani."

Simu anayoizungumzia ni ya kizamani, ya kuzungusha kwa mkono, na waya wake unateremka peke yake hadi chini. Ipo pembeni ya kompyuta. Anaijua simu kuliko anavyoijua kompyuta.

Alizaliwa Maganzo, akasoma mpaka kidato cha nne, na kwa miaka tisa alikaa kwenye ubao wa simu wa Mwadui, akiunganisha nyumba, ofisi na mitambo ya mgodi wa almasi. Aliyemfundisha ni mama mmoja aliyeitwa Ritha, ambaye hakuruhusu taa ya ubao iaminiwe. Taa ilikuwa inaonyesha kwamba umeme umefika mahali fulani. Haikuonyesha kama upande wa pili kuna mtu. Kila asubuhi, kabla ya kuandika kwamba laini ni nzima, mwanafunzi alipaswa kupiga na kusubiri mpaka asikie sauti.

"Tulipiga laini sitini kila siku," anasema Apolonia. "Wengine walitutukana, tumewaamsha. Mama Ritha akasema tusi ni jibu. Andika nzima."

Alipojifunza kompyuta Mwanza mwaka 1994, aliona kazi ni ile ile, ila sauti zimetoweka. Wapigaji wote walikuwa wamegeuka namba.

Alipopewa barua aliomba likizo ya siku nane. Alichukua kadi moja ya mtandao, kifaa cha ndani ya kompyuta kinachochomekwa kebo, ya aina ile ile iliyomo kwenye kompyuta ya mgodi, akaifunga kwenye khanga, akapanda basi Katoro. Barabara ya Ushirombo na Kahama ilikuwa tope tupu, na safari ya kwenda Shinyanga ikachukua siku moja na nusu. Anakumbuka akiamka na kulala huku kadi ikiwa mapajani, na mashamba ya mpunga yakipita dirishani yamejaa maji na mbingu.

Shinyanga mjini alikwenda kwenye duka la familia ya Kunal, karibu na soko. Kunal, kijana wa miaka 29, ndiye aliyeuzia mgodi zile kadi. Pia ndiye aliyewapa programu ya kuziunganisha kadi mbili zifanye kazi kama moja, ili kebo moja ikifa nyingine ichukue mzigo. Programu hiyo hutolewa bure, na kila anayetaka anaweza kuisoma na kuibadili.

"Dada Apolonia alifika na tope hapa," anasema Kunal akionyesha chini ya goti. "Hata chai hakunywa. Akauliza, Kunal, uliniuzia nini?"

Waliifunga kadi kwenye kompyuta ya dukani. Siku tatu walijaribu kuifanya ikosee, na siku tatu ikasema kweli. Apolonia alikuwa anafuata amri ya mgodini bila hata kufikiri. Zima kwanza, gusa baadaye.

Siku ya nne mteja alikuja kununua kisanduku kile kile cha kuunganishia kebo walichokuwa wanakitumia. Kunal akatoa stoo kisanduku cha zamani, chenye kutu pembeni, ili wahamishie kebo huko. Apolonia akanyoosha mkono kuzima kompyuta.

"Usizime, mwanangu," ikatoka sauti nyuma ya kaunta.

Alikuwa Induben, mama yake Kunal. Kompyuta hiyo hiyo ilikuwa inachapa mialiko ya harusi ya Heena, mpwa wake, na ilikuwa imefika mwaliko wa sabini kati ya mia mbili na kumi.

"Mama, nitaharibu," Apolonia akasema.

"Ukizima ndiyo utaharibu. Hii ikilala, kuamka kwake ni nusu saa, na ikiamka imesahau ilipofika. Wewe chomoa waya wako, mimi niachie harusi yangu."

Kwa mara ya kwanza katika miaka minne, Apolonia alichomoa kebo kwenye kompyuta iliyo macho. Akaichomeka kwenye kisanduku cha zamani. Akatazama kioo. Kebo nzima, kasi mia.

"Kunal," akasema, "hiki kisanduku kinakwenda kasi ngapi?"

"Kumi. Hicho cha tangu marehemu baba. Hakijawahi kukimbia mia maisha yake."

Apolonia anasimulia kilichofuata polepole, kana kwamba bado anakiangalia. Aliichomoa kebo kabisa na kubaki nayo mkononi. Printa iliendelea kulia, mialiko ikitoka mmoja mmoja, na jua la saa tisa likiangukia kaunta. Kioo kikasema: nzima, mia. Akaizungusha ncha ya kebo mbele ya macho yake. Nzima, mia. Akahesabu mpaka mia mbili.

"Nilikuwa nimeshika kitu kilichokufa," anasema, "na mashine inaniambia kiko hai na kinakimbia. Sikupiga kelele. Nilikaa tu. Nikaona ile Jumanne yote, dakika kwa dakika, mahali pake."

Mialiko ilipoisha walizima na kuwasha. Kompyuta ikasema mara moja: imekufa.

Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa kazi ya kusoma. Kila kadi ina programu yake ndogo ya kuiendesha, na ndiyo inayoulizwa hali ya kebo mara kumi kwa sekunde. Walichapa programu hiyo kwenye karatasi zenye matundu pembeni, mistari 1,140, wakaitandaza sakafuni. Induben alipita juu yake pekupeku akiwaletea chapati.

Kasoro ilikuwa kwenye ukurasa wa tisa. Programu ilikuwa inaikagua kebo mara moja tu, kompyuta inapowaka, kisha inaliweka jibu kwenye kumbukumbu. Kuanzia hapo kila ilipoulizwa ilirudia jibu la asubuhi, pamoja na kasi ya asubuhi. Programu iliyoziunganisha kadi mbili iliamini, ikaendelea kutuma kila kitu kwenye kebo iliyokatika, na namba ya mwisho ikabaki kiooni.

Na amri ya mgodi ilikuwa imeificha kasoro hiyo kwa miaka miwili. Kila aliyepima alizima kwanza. Kila alipowasha, programu ilikagua upya na kusema kweli.

Marekebisho yalikuwa mistari saba. Sasa programu, ambayo Apolonia alirudi nayo mgodini, inakwenda kuitazama kebo kila inapoulizwa.

Saa mbili kamili kibandani. Ukungu umepungua, na jua linaingia kwenye matundu ya misumari ya mabati likitupa vidoa vyeupe sakafuni. Bwana Cornel amesimama nyuma ya kiti, saa mkononi. Simu inalia.

"Nachomoa," inasema sauti ya Ndaki, mbali, ina mwangwi.

Nukta ya kulia inageuka nyekundu. Namba inasita kidogo, kisha 1.7, kisha 1.6.

"Chini ya sekunde moja," anasema Bwana Cornel.

Wanarudia mara tatu, kulia na kushoto. Mara zote nukta inafuata mkono wa Ndaki. Saa mbili na dakika ishirini na tano kebo zote mbili zimerudishwa, nukta zote ni kijani, na Bwana Cornel anavuta kiti, anatoa barua kwenye jalada na kuchonga kalamu yake ya risasi.

Apolonia hajageuka. Namba ni 1.7. Bado ni 1.7.

Dakika ya kwanza inapita. Bwana Cornel anaanza kuandika tarehe.

"Subiri kidogo, Bwana Cornel," anasema Apolonia.

"Kuna nini? Zote kijani."

"Haipumui."

Anatazama dakika mbili nyingine. Kisha anashika mkono wa simu na kuuzungusha. Chini kengele inalia mara tatu.

"Ee," anajibu Ndaki.

"Mzee, umegusa nini?"

Kicheko kinapanda kwenye waya, kirefu.

"Kuna uzi mwembamba hapa, kati ya sanduku zinapoishia kebo na kipimo. Nimeuchomoa. Nilitaka kujua nani atanipigia kwanza, wewe au mganga."

"Mganga bado anasema kila kitu kizima."

"Basi nimejua."

Apolonia anafungua daftari la zamu na kuandika huku Bwana Cornel akisoma juu ya bega lake: *Saa 2:29. Nukta zote kijani. Namba imesimama 1.7 kwa dakika tatu. Uzi wa kipimo umechomolewa. Kompyuta haikuona. Nimepiga simu.*

Angeweza kukaa kimya. Jaribio lililokubaliwa lilikuwa limefaulu, na barua ilibakiza sahihi tu. Alipoulizwa baadaye kwa nini hakusubiri isainiwe, alionekana hajaelewa swali.

"Wao wako chini," alisema.

Bwana Cornel anarudi nyuma kwenye daftari hadi ukurasa wa Februari 9. Mita 1.8, mara nne, kwa mwandiko ule ule. Kisha anaiweka barua mezani, anachora mstari kutoka pembe hadi pembe, na chini yake anaandika: *Aliandika alichoonyeshwa. Imefutwa.* Safari hii ametumia wino.

Ndaki anaurudisha uzi na kutoka saa tatu kasoro kidogo, amelowa jasho. Watu wake wamejikusanya karibu na kibanda. Anawaeleza kwa Kisukuma, kwa ufupi, kisha anarudi mlangoni.

"Tunashuka," anasema. "Lakini siyo kwa ajili ya mganga. Kila nusu saa utazungusha hiyo simu, na mimi nitajibu. Nisipojibu, piga king'ora."

"Kila robo saa, mzee."

"Robo saa ni usumbufu, mama."

"Basi utanitukana. Nitaandika kwamba upo."

Ndaki anacheka tena, anavaa kofia yake iliyobonyea, na watu arobaini na sita wanaanza kuingia kwenye mteremko wawili wawili, taa za vichwani zikififia moja baada ya nyingine mpaka giza linazimeza zote.

Apolonia amejipa wiki mbili kumaliza alichokiona leo. Anataka kompyuta isiridhike na taa za kebo wala za sanduku. Iite kipimo chenyewe kila baada ya sekunde mbili na isubiri jibu jipya. Kikikosa kuitika mara tatu, king'ora kilie, hata kama kila nukta ni kijani. Ameshaandika ukurasa wa kwanza kwa mkono, nyuma ya karatasi zenye matundu alizotoka nazo Shinyanga.

Ile mistari saba ameinakili kwenye barua. Juu kabisa ya programu kuna jina la mtu aliyeitunga na anwani yake ya posta, nchi ya mbali. Kunal atamsaidia kunyoosha Kiingereza. Apolonia anafikiri huenda kuna migodi mingine, au hospitali, yenye kadi kama hizi, na mtu ameketi mbele ya nukta za kijani akidhani maji yametulia.

"Akijibu, nitafurahi," anasema. "Asipojibu, nitaandika tena. Kuna watu huchelewa kushika simu."

Saa tatu na robo anazungusha mkono wa simu na kusubiri, macho yakiwa kwenye namba. 1.6. Kisha 1.7.

"Tupo," inasema sauti kutoka chini.

Anaandika.